Mbwa Anapoanguka: Degedege, Kifafa na Wajibu wa Anayeshuhudia

Degedege ya mbwa ni tukio la ghafla ambapo sehemu ya ubongo, au ubongo wote, hutoa mkupuo wa umeme usio na mpangilio, viungo vikakakamaa na kutetemeka, fahamu zikapotea au zikafifia, na baada ya muda mfupi hali hiyo ikakoma yenyewe. Kifafa ni jambo pana zaidi, kwa kuwa ni ugonjwa wa ubongo unaoufanya uelekee kutoa degedege mara kwa mara bila kuchokozwa na sumu, joto kali wala upungufu wa kitu fulani katika damu. Kila mbwa mwenye kifafa hupata degedege, lakini si kila mbwa apataye degedege ana kifafa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mnyama atatibiwa kwa siku chache na kupona au atameza dawa kwa miaka mingi. Mwaka 2015 jopo la kimataifa la madaktari wa mifugo waliobobea katika maradhi ya neva lilichapisha mwafaka unaofuatwa hadi leo, kwamba mbwa ahesabiwe kuwa na kifafa akipata walau degedege mbili zisizo na kichochezi, zilizopishana kwa zaidi ya saa 24. Inakadiriwa kuwa mbwa sita au saba katika kila 1,000 wana ugonjwa huu, kiwango kinachoufanya uwe miongoni mwa maradhi sugu ya neva yanayowapata mbwa kwa wingi kuliko mengine yote.

Ugumu wake mkubwa ni kwamba daktari hauoni kwa macho yake ila mara chache sana. Mguu uliovunjika hufika kliniki ukiwa bado umevunjika, na jipu hufika likiwa bado limevimba, lakini mbwa aliyeanguka alfajiri hufika saa nne akiwa anatembea, anatikisa mkia na kunusa kona za chumba kama mnyama asiye na tatizo lolote. Kwa hiyo ushahidi wote wa maana umo kwa mtu aliyekuwapo: jinsi tukio lilivyoanza, upande wa mwili uliotangulia kutetemeka, muda lililodumu, na hali ya mnyama lilipokwisha. Vipimo vya damu na picha za ubongo vinakuja baadaye na vinasaidia, lakini haviwezi kuziba pengo la ushuhuda usiotolewa au uliotolewa kwa kubahatisha.

Ili kuelewa kinachotokea, ni vyema kukumbuka kwamba seli za neva katika ubongo huwasiliana kwa kemikali za aina mbili kuu, moja ya kuchochea na nyingine ya kutuliza. Kemikali kuu ya kuchochea huitwa glutamati, na ile ya kutuliza huitwa gaba. Seli moja inapopokea gaba hupunguza uwezekano wa kutoa umeme, na inapopokea glutamati uwezekano huo huongezeka. Ubongo wenye afya hukaa katika mizani ya nguvu hizi mbili, na degedege hutokea mizani inapoharibika kiasi kwamba kundi kubwa la seli hutoa umeme kwa pamoja. Mkupuo ukibaki katika eneo dogo, dalili nazo huwa za sehemu ndogo, kwa mfano upande mmoja wa uso kuchezacheza, mguu mmoja kurukaruka, au mbwa kutafunatafuna hewa na kutoa mate bila sababu, na hii huitwa degedege ya sehemu. Mkupuo ukienea pande zote mbili za ubongo, mbwa huanguka ubavuni, hupoteza fahamu, hukakamaa, kisha miguu yote minne hupigapiga kama inayoogelea, mara nyingi akijikojolea, akijisaidia na kutokwa povu mdomoni. Hiyo ndiyo degedege ya mwili mzima ambayo watu wengi wanaifahamu.

Tukio kamili huwa na vipindi ambavyo mtazamaji makini anaweza kuvitenganisha. Saa kadhaa kabla, baadhi ya mbwa hubadilika tabia, wakawa na wasiwasi, wakajificha au wakang'ang'ania kukaa karibu na mtu. Kisha huja degedege yenyewe, ambayo kwa kawaida haizidi dakika moja au mbili, ingawa kwa anayeitazama kwa hofu huonekana ndefu mara nyingi zaidi. Baada yake hufuata kipindi cha kurejea, ambacho huchukua dakika chache hadi saa nyingi, na katika kipindi hicho mbwa huyumba, hugonga kuta kama kipofu, hula na kunywa kwa pupa, huzunguka bila kutulia, au hulala usingizi mzito. Kipindi hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika kusimuliwa, ilhali ndicho kinachosaidia sana kutofautisha degedege na kuzirai, kwa sababu mbwa aliyezirai kutokana na moyo dhaifu huanguka akiwa amelegea, huinuka upesi na kurejea katika hali yake papo hapo. Vivyo hivyo mbwa mzee anayepatwa na kizunguzungu cha ghafla huinamisha kichwa upande mmoja na macho yake huchezacheza, lakini fahamu zake hubaki. Naye mbwa anayeota usingizini, hata akirusha miguu na kunguruma, huamka akiitwa.

Kifafa hupenda kujitokeza mnyama akiwa ametulia au amelala, na jambo hili lina uzito wa pekee katika miji ya Afrika Mashariki, ambako mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi, hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Mwenye nyumba anaweza kukaa miezi mingi bila kujua, huku mlinzi wa getini au msaidizi wa nyumbani akiwa ameshaona mara kadhaa na kunyamaza, pengine kwa kudhani kwamba ni jambo la kawaida, pengine kwa kuogopa kwamba atalaumiwa kwa kumlisha mbwa kitu kibaya. Daktari anayetaka ukweli wa ugonjwa huu anapaswa kuzungumza na mtu huyo moja kwa moja, na mwenye mbwa anayetaka mnyama wake apone hana budi kumwondolea hofu mfanyakazi wake, kwa sababu maelezo yaliyopitia kwa mtu wa pili hupoteza mambo madogo ambayo ndiyo yenye thamani. Siku hizi simu yenye kamera imerahisisha kazi hii: video ya sekunde thelathini, inayoonyesha mwili mzima wa mnyama na hasa uso na macho, humpa daktari habari ambazo hata msimulizi hodari hawezi kuzitoa.

Tukio linapoanza, jambo la kwanza ni kutazama saa. Mtu aondoe viti, mawe na vyombo vilivyo karibu, amzuie mnyama asiangukie ngazi, shimo au maji, awaondoe watoto na mbwa wengine, azime redio na kupunguza mwanga ikiwezekana, kisha akae kando ya mgongo wa mnyama na si mbele ya mdomo wake. Imani kwamba mbwa atameza ulimi haina ukweli, na mkono, kijiko au kipande cha mti kinachopenyezwa baina ya meno huleta majeraha kwa pande zote mbili, kwani taya hujifunga kwa nguvu ambayo mnyama mwenyewe hana mamlaka nayo. Kumshikilia kwa nguvu ili aache kutetemeka hakufupishi degedege hata kwa sekunde moja. Hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema, ni kumnywesha maziwa, mafuta au yai bichi kwa kudhani kwamba amelishwa sumu. Mnyama asiye na fahamu hawezi kumeza, na kinachomiminwa kinywani huishia mapafuni, ambako huleta nimonia inayoweza kumuua mbwa ambaye degedege yake ingekoma yenyewe.

Dakika ya tano ndiyo mpaka. Degedege inayopita dakika tano, au degedege mbili zinazofuatana bila fahamu kurejea katikati, huitwa kifafa kisichokatika, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa kliniki usiku au mchana. Sababu za kuiita dharura ni mbili na zote zinastahili kueleweka. Ya kwanza ni joto: misuli inayofanya kazi bila kupumzika huzalisha joto jingi, na joto la mwili wa mbwa, ambalo kwa kawaida huwa baina ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, linaweza kupanda kupita nyuzi 41, kiwango kinachoanza kuharibu ubongo, figo na mfumo wa kuganda kwa damu, na hatari hiyo huja mapema zaidi mahali penye joto na unyevu kama Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Sababu ya pili imo ndani ya seli zenyewe, kwa kuwa kadiri degedege inavyorefuka, vipokezi vya gaba vilivyo juu ya seli huvutwa ndani, na dawa za kutuliza ambazo hufanya kazi kupitia vipokezi hivyo hukosa pa kushika. Dawa iliyotolewa mapema inaweza kukatisha degedege ambayo dawa ileile, ikichelewa, haitaiweza.

Kwa sababu hiyo madaktari wengi humkabidhi mwenye mbwa mgonjwa dawa ya dharura ya kukaa nayo nyumbani. Kwa muda mrefu dawa hiyo imekuwa diazepamu ya kimiminika, inayoingizwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano kupitia njia ya haja kubwa, kwa kipimo kilichoandikwa na daktari kulingana na uzito wa mnyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha njia hiyo na midazolamu inayopuliziwa puani kwa kifaa maalumu, na ukaonyesha kwamba midazolamu ilikatisha kifafa kisichokatika kwa asilimia 70 ya mbwa waliopewa, ilhali diazepamu ilifanikiwa kwa asilimia 20 tu. Pale ambapo kifaa cha kupulizia hakipatikani, diazepamu bado ni bora kuliko kukaa mikono mitupu. Mbwa aliyepanda joto amwagiwe maji ya kawaida kwenye tumbo na miguu na apepewe akiwa njiani, bila kutumia barafu, kwa kuwa baridi kali hubana mishipa ya ngozi na kuzuia joto lisitoke. Mbwa aliyepata degedege mbili au zaidi ndani ya saa 24, hata kama kila moja ilikuwa fupi na fahamu zilirejea katikati, naye amevuka mpaka wa kusubiri.

Katika nchi nyingi za ukanda huu, hata hivyo, mbwa anayeanguka hadharani hukabiliwa na hatari nyingine isiyotoka mwilini mwake. Povu, meno yaliyobana na macho yaliyotoka hutafsiriwa papo hapo kuwa kichaa cha mbwa, na mara nyingi mawe na marungu hufika kabla ya daktari. Hofu hiyo ina msingi wake na si haki kuibeza: kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa afya, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote wakiwa wameumwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba inayotegemewa. Mtu aliyewahi kumwona mtoto akifa kwa ugonjwa huo hawezi kulaumiwa kwa kumwogopa mbwa anayetokwa povu. Lakini mbwa wenye kifafa huuawa kwa sababu ya hofu hiyo, na jambo linaloumiza zaidi ni kwamba kuwaua hakumkingi mtu yeyote.

Tofauti baina ya hali hizi mbili huonekana zaidi katika mwenendo wa saa na siku kuliko katika tukio moja. Mbwa mwenye kifafa huanguka, hutetemeka, kisha hurejea, na ndani ya saa chache au siku moja huwa yuleyule aliyejulikana nyumbani. Mbwa mwenye kichaa harejei: tabia yake hubadilika kwa siku kadhaa, mbwa mpole akawa mkali au mkali akawa mnyonge, sauti yake hugeuka, taya la chini hulegea, hushindwa kumeza, huuma mbao, mawe au hewa, hutangatanga mbali na kwao, kisha hupooza na kufa, kwa kawaida ndani ya siku kumi tangu dalili kuanza. Anaweza pia kupata degedege, na hasa mwishoni, kwa hiyo povu peke yake halithibitishi wala halikanushi kitu. Swali la kwanza ni kama mnyama amechanjwa na kama cheti chake kipo. Mbwa asiye na chanjo, au asiyejulikana mwenyewe, anayeanguka na kubadilika tabia, asiguswe kwa mikono mitupu. Afungiwe mahali salama, na afisa mifugo wa eneo aitwe.

Mtu yeyote aliyeumwa au kulambwa penye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaamini kwamba mbwa ana kifafa tu. Tahadhari hii inawahusu pia wenye mbwa wanaojulikana kuwa na kifafa, kwa kuwa mnyama anayerejea kutoka kwenye degedege anaweza kumng'ata mtu anayempenda kwa sababu hamtambui. Mbwa aliyeuma, akiwa hai na mzima, huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, muda uliochaguliwa kwa sababu virusi huonekana katika mate siku chache tu kabla ya mnyama mwenyewe kuugua na kufa. Mbwa aliyeuawa papo hapo na kutupwa huondoka na ushahidi huo. Kinga ya kweli iko kwenye chanjo ya mbwa wengi kwa pamoja, kwani ikifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika, na kampeni za namna hiyo kisiwani Pemba zimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana katika mazingira ya Afrika Mashariki. Mahali ambapo mbwa wamechanjwa, ndipo mbwa mwenye kifafa anapata nafasi ya kutazamwa kama mgonjwa.

Chanzo kingine cha degedege ni distempa, ugonjwa wa virusi unaoanza na homa, tongo na makamasi, ukaingia kwenye utumbo na mapafu, kisha ukashuka kwenye ubongo wiki kadhaa baadaye, wakati mwenye mbwa ameshaanza kushukuru kwamba mnyama amepona. Degedege zake mara nyingi huanza kwa taya kutafunatafuna, na huacha mitikisiko ya misuli inayorudia kwa mpigo maalumu hata mbwa akiwa amelala. Ukali wa virusi hivi ulidhihirika mwaka 1994 katika hifadhi ya Serengeti, ambako simba walionekana wakianguka degedege mchana kweupe, na takriban theluthi moja ya simba wa eneo hilo walikufa. Chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji jirani. Wasomaji wanaofuga mbwa wazingatie kwamba kampeni za umma kwa kawaida hutoa chanjo ya kichaa peke yake, na kwamba kauli ya kuwa mbwa amechanjwa haimaanishi kwamba amekingwa dhidi ya distempa, ambayo chanjo yake huombwa na kulipiwa kwa daktari.

Sumu nazo zina nafasi kubwa. Dawa za kuua wadudu shambani na za kuogeshea ng'ombe kwenye josho, hasa zile za jamii ya oganofosfeti na kabamati, huzuia kimeng'enya kinachosafisha kemikali ya neva baada ya kazi yake, na mbwa aliyezilamba au aliyepakwa mwilini ili kupe wauawe hutokwa na mate mengi, machozi, mkojo na kinyesi, mboni za macho hunywea, misuli huchezacheza, kisha degedege hufuata. Kabofurani, iliyopata sifa mbaya Kenya kwa kuua simba na tai kupitia mizoga iliyotiwa sumu, ni ya kundi hili. Strikinini, iliyotumiwa kwa miaka mingi kuua mbwa wazururaji, hutoa picha tofauti: mnyama hukakamaa kama ubao kila anaposikia sauti au kuguswa, huku fahamu zake zikiwapo, jambo linaloifanya kuwa sumu katili kupita kiasi. Kopo au pakiti ya kitu kinachoshukiwa ipelekwe kliniki pamoja na mgonjwa, kwa kuwa dawa za kupunguza makali ya sumu hutofautiana. Zaidi ya hapo wapo watoto wadogo wa mbwa wanaoishiwa sukari ya damu kwa njaa au minyoo, mbwa jike anayenyonyesha ambaye kalsiamu yake imeshuka, maradhi ya kupe yanayoingia ubongoni, ini au figo zilizochoka, na kwa mbwa mzee, uvimbe ndani ya ubongo.

Baada ya hayo yote kuchunguzwa na kutoonekana ndipo hutajwa kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana, ambacho kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa baina ya miezi sita na miaka sita, akiwa mzima kabisa katikati ya tukio moja na jingine. Neno la kuonekana lina maana hapa, kwa sababu katika jamii kadhaa za mbwa chanzo ni urithi. Mabadiliko katika jeni iitwayo LGI2 yamegunduliwa kwa mbwa wa Italia wa jamii ya Lagotto Romagnolo, na mwaka 2017 watafiti waliripoti mabadiliko katika jeni ya DIRAS1 kwa Rhodesian Ridgeback, mbwa aliyekuzwa kusini mwa Afrika, ambaye huanza kushtukashtuka akiwa amejipumzisha angali mdogo. German Shepherd, Labrador, Beagle na Border Collie nao wamo katika jamii ambazo ugonjwa huu huonekana mara nyingi. Biashara ya kuzalisha mbwa wa ulinzi imekua katika miji mikubwa, na mfugaji anayeendelea kumpandisha dume zuri lenye kifafa, akiuza watoto wake bila kusema, anawauzia watu huzuni ya miaka kumi.

Matibabu ya kila siku huanza pale degedege zinapokuja mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, zinapokuja kwa mkururo, zinaporefuka, au kipindi cha kurejea kinapokuwa kizito. Dawa ya kwanza katika nchi nyingi ni fenobabitoni, ambayo daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliripoti mwaka 1912 kuwa inazuia kifafa kwa binadamu, na ambayo hurefusha muda ambao gaba huituliza seli. Ndiyo dawa iliyotumika Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960 na kukuta wagonjwa wakitengwa kwa sababu watu waliamini kwamba povu lao linaambukiza. Unafuu wa bei yake na kupatikana kwake katika maduka ya dawa za binadamu, kwa cheti cha daktari, huifanya iwe tegemeo la mbwa wengi pia. Hutolewa kila baada ya saa 12, huchukua wiki mbili hivi kufikia kiwango thabiti katika damu, na katika wiki hizo mbwa hulala sana, huyumba, hunywa maji na kula kuliko kawaida. Dalili nyingi kati ya hizo hupungua, na ni makosa kuacha dawa kwa sababu yake. Ini hupimwa walau mara mbili kwa mwaka. Dozi iliyokatwa ghafla, kwa mfano familia iliposafiri na vidonge vikaisha, inaweza kuzaa degedege kali kuliko zile za mwanzo.

Fenobabitoni isipotosha, huongezwa bromidi ya potasiamu, dawa ya karne ya 19 ambayo ina uhusiano wa ajabu na jiko la nyumbani. Bromidi hutolewa mwilini na figo, nazo figo huitoa kwa kasi zaidi chumvi inapoongezeka katika chakula, kwa hiyo mbwa anayekula ugali mtupu leo na ugali wa dagaa wa chumvi kesho hupandisha na kushusha kiwango cha dawa yake bila mtu kujua. Mbwa wa pwani anayekunywa maji ya bahari wakati wa kuoga hupoteza dawa kwa njia hiyohiyo. Chakula chenye chumvi ya kiwango kimoja kila siku ni sehemu ya tiba. Mafuta nayo yamechunguzwa: jaribio la mwaka 2015, lililofanywa London na chuo cha udaktari wa mifugo kwa mbwa 21, lilionyesha kwamba chakula chenye mafuta ya minyororo ya wastani hupunguza degedege kwa baadhi yao. Wengine wamechukua habari hiyo na kuanza kuwamiminia mbwa mafuta ya nazi, lakini sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ilhali yale yaliyojaribiwa yalitegemea zaidi asidi fupi kuliko hiyo, na mafuta mengi ya ghafla huweza kuvimbisha kongosho.

Ni kosa pia kumpa mbwa dawa ya kifafa ya mtu wa nyumbani kwa kukisia, kwa sababu dawa kama fenitoini na kabamazepini huvunjwa upesi mno katika mwili wa mbwa na hazikai muda wa kutosha kumsaidia. Takriban theluthi moja ya mbwa wenye kifafa huendelea kuanguka hata wakitibiwa vizuri, na kwa hao lengo la haki huwa ni degedege chache, fupi na zilizoachana mbali zaidi kuliko zamani, pamoja na uhuru wa kutafakari na daktari, bila kulaumiwa na mtu, kama maisha ya mnyama bado yana raha. Kwa waliobaki, daftari la tarehe, saa, muda, mazingira na dozi iliyosahauliwa ndilo linaloongoza kupanda na kushuka kwa vipimo vya dawa. Mbwa aliyekaa mwaka mmoja hadi miwili bila tukio lolote anaweza kupunguziwa dawa kwa usimamizi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 20 kila mwezi, na degedege moja tu katika kipindi hicho humrudisha kwenye dozi iliyokuwa ikimlinda.